Vioo vya Rangi Kwenye Maghorofa Mapya: Nani Aliulizwa?

Uzi wa leo ni wa vioo. Ndiyo, vioo vya madirisha. Najua kuna walioniomba niendelee na mambo ya kodi, yatakuja.

Kwa wageni: hapa hatutaji jina la mwanasiasa wala la chama. Tunachambua jambo lenyewe. Ukileta majina kwenye majibu nitakupita tu kama matatu iliyojaa.

Haya. Kila picha ya mnara mpya wa apatimenti wa Kilimani, Kileleshwa au Westlands ikiwekwa mtandaoni, na mnara wenyewe uwe na vioo vya bluu, kijani, au ile mistari ya rangi ya chungwa kwenye balkoni, watu hugawanyika papo hapo. Wa kwanza anasema mji umekuwa kama duka la peremende. Wa pili anamjibu kwamba yeye anapenda umaskini, aache mji ukue. Baadaye jambo lilelile linafika kwenye runinga: huyu anaahidi mji wa viwango vya kimataifa, yule anaahidi kurudisha heshima ya mji, na wote wanaondoka studio bila kusema ni nani hasa mwenye haki ya kuamua ukuta wa nje wa jengo uonekaneje.

Swali hilo ni la kisiasa kuliko linavyosikika. Na limejibiwa mara kadhaa kabla hatujazaliwa, kila mara kwa njia tofauti.

Nianze na lile dai kwamba vioo vya rangi tumeiga Dubai. Si kweli kabisa. Ukienda Mji Mkongwe wa Zanzibar, mkabala na bahari, utaona jengo linaloitwa Dispensari ya Zamani. Ujenzi wake ulianza 1887, kwa fedha za tajiri Tharia Topan, na mpaka leo watalii wanalipiga picha kwa sababu mbili: balkoni za mbao zilizochongwa, na vioo vya rangi. Kwa hiyo pwani yetu imejua kioo cha rangi zaidi ya miaka mia moja.

Lakini angalia kilivyotumiwa. Vipande vidogo vidogo, ndani ya kivuli kirefu cha baraza. Rangi ilikuwa pambo. Kazi ya kuzuia jua ilifanywa na kivuli. Shikilia hapo, nitarudi.

Sasa tuje Nairobi. Mwaka 1948 mji ulipata mpango wake mkubwa, ulioandikwa kama mpango wa mji mkuu wa koloni, na timu ya wataalamu kutoka Afrika Kusini. Wakati huo mji ulikuwa tayari umegawanywa kwa rangi, na hapa sisemi rangi ya vioo. Wazungu walikuwa magharibi na kaskazini, penye miti na ploti za nusu ekari hadi ekari nzima na zaidi. Wahindi walikuwa Parklands na Ngara. Waafrika walikuwa Eastlands, wengi wao katika vyumba vilivyokusudiwa mwanamume mmoja aliyekuja kufanya kazi kisha arudi kwao. Nani aliulizwa kuhusu sura ya mji? Jibu unalijua.

Uhuru ulipokuja, ubaguzi wa kisheria uliondoka, lakini ploti zilibaki na ukubwa wake. Kanuni zikaacha kusema "Mzungu" zikaanza kusema "msongamano mdogo". Ukitaka kuelewa kwa nini vita vya minara vinapiganwa Kilimani na si Kayole, anzia hapo: ploti moja ya nyumba moja ya zamani, yenye bustani na mti wa jakaranda, inatosha kabisa kubeba mnara wa familia mia moja. Mwenye ploti anauza, mjenzi anakuja, na jirani aliyebaki anaamka siku moja na kuona ukuta wa bluu mahali palipokuwa na anga.

Kabla ya hapo, kulikuwa na kipindi ambacho wasanifu wa majengo mjini hapa walilifikiria jua kwa bidii sana. Tazama Sheria House, iliyochorwa na Amyas Connell ukoloni ukielekea kuisha. Uso wa jengo umefunikwa na vichujio vya jua, yaani jengo limevaa shela. Tazama KICC, kazi ya Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na David Mutiso, iliyokamilika 1973. Ghorofa 28, mita 105, na rangi yake inakaribia ya udongo mwekundu. Madirisha yake yamerudi ndani, nyuma ya mbavu ndefu za saruji. Watu husema ni zuri kwa sababu linafanana na kitu cha kwetu. Mimi nadhani ni zuri pia kwa sababu lilikubali kwamba tuko karibu na ikweta.

Lakini na hapo, tusidanganyane. Mwananchi hakuulizwa kuhusu KICC. Aliletewa. Alibahatika tu kwamba waliochora walikuwa na akili.

Maoni ya umma yaliwahi kulisimamisha jengo refu Nairobi, katika vita vya Uhuru Park. Mwaka 1989 palitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, la kampuni ya habari iliyohusiana na chama kilichotawala. Mwanzilishi wa Green Belt Movement aliandika barua kwa ofisi hii na ile, akauliza bustani ya watu inageuzwaje kuwa ofisi. Bungeni alishambuliwa na kudhihakiwa, wakaitaja hadi ndoa yake iliyovunjika. Wafadhili wa nje wakasita, na mwanzoni mwa miaka ya tisini mpango ukafa. Leo ukikaa pale kwenye nyasi unakalia ushindi wa barua.

Nimeileta hadithi hii kwa sababu watu huitumia vibaya. Kila anayechukia mnara fulani husema "hata Uhuru Park walipinga." Walipinga nini? Hawakupinga rangi. Walipinga ardhi ya umma kuchukuliwa na mkopo wa umma kutumika. Hoja yao ilikuwa juu ya kitu ambacho ni chetu sote. Hiyo ndiyo iliyoipa nguvu. Ukisema "sipendi bluu" umeleta kitu kingine kabisa, na usishangae kikipimwa kwa mizani nyingine.

Bluu yenyewe ilikuja hivi. Teknolojia ya kutengeneza vioo vikubwa vilivyonyooka kwa bei nafuu, kwa kuelea juu ya bati iliyoyeyushwa, ilitangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959. Ukiongeza chuma kwenye mchanganyiko unapata kijani. Ukiongeza kobalti unapata bluu. Ukipaka tabaka jembamba la metali juu yake unapata kile kioo kinachorudisha picha ya mawingu. Dunia ya mabenki ikaipenda sana. Kwetu ilichelewa kidogo, maana kuagiza bidhaa nje kulihitaji leseni na fedha za kigeni zilidhibitiwa. Vizuizi hivyo vilipolegezwa, hasa 1993, alumini na vioo vikaanza kuingia kwa urahisi zaidi, na katikati ya jiji pakaanza kung'aa.

Ukipita mjini leo angalia majengo ya enzi hizo kwa makini. Utaona dirisha moja lina bluu nzito, la pembeni bluu iliyofifia, na la tatu linakaribia kijani. Si usanii huo. Kioo cha rangi hutofautiana kutoka mzigo mmoja hadi mwingine, na kikivunjika baada ya miaka kumi, mzigo ule haupo tena. Fundi anaweka kinachokaribiana. Hii ndiyo hoja ninayoipenda zaidi dhidi ya kambi ya "kimataifa": jengo la rangi linahitaji mtu wa kulitunza miaka thelathini, na sisi ni hodari wa kuzindua kuliko kutunza.

Kisha bluu ikahama kutoka ofisini kwenda nyumbani. Hapa ndipo mambo yalipobadilika, na naona wachambuzi wengi wanaliruka.

Ofisi ina kiyoyozi, na watu wanatoka jioni. Nyumba ina mtoto mchanga, nyanya aliyekuja kutibiwa, na jiko. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya paa. Shida ni saa tatu asubuhi ukuta wa mashariki, na saa kumi jioni ukuta wa magharibi, jua linapoingia moja kwa moja usoni. Kioo cha rangi nzito hunyonya lile joto. Watu hudhani kunyonya ni kuzuia. Kioo chenyewe kinachemka, halafu kinalitoa joto pande zote, kwako pia. Ndiyo maana unaweza kukaa nyuma ya kioo cheusi kinachopendeza na bado ukasikia joto la jua shavuni. Kile kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia hukupunguzia wewe, lakini kinamtupia jirani. London mwaka 2013 jumba moja lenye uso uliopinda, 20 Fenchurch Street, lilikusanya miale hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa mtaani. Majengo yetu mengi hayajapinda vile, lakini dereva anayetoka kazini jioni akipigwa macho na ukuta mzima wa jua anajua ninachosema.

Na lile la faragha! Mchana kioo kinachoakisi kinakuficha, unawaona wao hawakuoni. Usiku ukiwasha taa, mambo yanageuka. Nyumba inakuwa runinga ya mtaa. Watu wananunua pazia nzito, na mwanga uliolipiwa kwa bei ya "madirisha makubwa" unafungiwa nje, taa zinawashwa adhuhuri, tokeni zinaisha.

Haya yote hayana uhusiano na kupenda au kutopenda bluu. Kitabu cha UN-Habitat cha mwaka 2014 kuhusu ujenzi katika tabianchi ya joto kinaeleza mambo haya kwa michoro, na jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, lililofunguliwa 2011, linapumua kwa hewa ya kawaida. Ujuzi uko hapahapa mjini.

Sasa twende Mombasa kidogo, kwa sababu kule tulifanya jaribio la upande wa pili. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe, pembezoni bluu ya Misri. Ukiwa kambi ya "rudisheni heshima", hiyo ndiyo ndoto yako: serikali imeshika brashi. Kulizuka mabishano makubwa. Rangi ananunua nani? Mpangaji wa duka dogo au mwenye nyumba? Mji wa Kale wenye kuta za kila namna, uliojengwa na watu wa kila namna, unakuwaje sare ya shule? Wengine walifurahi, na siwezi kusema hawakuwa na sababu, maana kuta zilikuwa zimechakaa kweli. Lakini somo la kisiasa lilikuwa wazi kwangu. Mwenye ofisi akipewa mamlaka juu ya ladha, ladha yake inakuwa sheria mpaka aje mwingine mwenye ladha yake.

Kwa hiyo tuna njia tatu ambazo historia imezijaribu. Wachache walichora na wengi wakaletewa. Soko likaamua, mwenye pesa akachagua kioo. Afisa akaamuru rangi. Mwananchi anayeishi nyuma ya kioo, au mbele yake, hayumo katika hata moja.

"Lakini Katiba ya 2010?" Najua, nimeshaona mtu anaandika. Ndiyo. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa wananchi. Cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Mipango ya Miji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mjenzi aombe idhini ya kaunti. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ya athari kwa miradi ya namna hii. Mwaka 2025 tumeanza kutumia Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Karatasi hazituishii.

Tatizo ni wakati na maswali. Fomu za maoni ya majirani zinaletwa mchoro ukiwa umeshakamilika, wakati mwingine nyumba zimeshaanza kuuzwa kwa picha. Na fomu nilizowahi kuziona zinauliza vumbi, kelele, maji, magari. Hakuna inayouliza kama ukuta wa vioo utaelekezwa chumba chako cha kulala, wala jua la saa kumi litarudishwa wapi. Jirani naye, akiwa hana pa kuandika hilo, anaandika "jengo ni baya, halifai mtaa wetu". Afisa anasoma "baya" na kuitupa, maana baya si kosa kisheria. Hoja nzuri imekufa kwa sababu ilivaa nguo ya ladha.

Na hilo neno "mtaa wetu" nalo lina historia. Mwongozo wa kanda wa 2004 ulizungumzia ghorofa nne kwa sehemu kubwa ya Kilimani na Kileleshwa. Leo tunahesabu kumi na tano na kuendelea. Wakazi wa zamani wana haki ya kulalamika kwamba sheria imeyeyuka mbele ya macho yao. Lakini sikiliza vizuri wanapozungumzia rangi. Mara nyingi utasikia "panaanza kufanana na Pipeline." Wamesahau kwamba Pipeline kuna watu. Mwenye nyumba wa Embakasi aliyeweka vigae vya kijani na vioo vya bluu kwenye ghorofa ya saba hakuwa anaharibu mji. Alikuwa anaitofautisha nyumba yake na ishirini nyingine za saruji tupu ili mpangaji aione. Rangi kule ni tangazo, na pia ni fahari kidogo. Kuicheka ni kuurudisha ule mpaka wa 1948 kwa maneno laini.

Zaidi ya hapo, chama cha wakazi chenye wakili kipo mitaa ile ile iliyokuwa na ploti za ekari. Kwa hiyo tunaposema "maoni ya umma kuhusu minara", tunasikia umma wa upande mmoja wa mji. Mpangaji wa Pipeline anayepikwa na dirisha la magharibi, lenye kioo cheusi kisichofunguka vizuri, hajawahi kuulizwa na yeyote, na hakuna mdahalo wa runinga utakaomtaja.

Msimamo wangu basi, na mnaweza kunishambulia. Ladha waachiwe wenye jengo. Chini ya Sheria ya 2020 ya nyumba za aina hii, kuta na sehemu za pamoja zinasimamiwa na shirika la wenye nyumba wenyewe, wapige kura huko, wakitaka zambarau iwe zambarau. Umma uwe na sauti kamili juu ya kile kinachovuka mpaka wa ploti: mwako wa jua, joto, kivuli, faragha. Na kaunti imlinde anayeishi ndani, mnunuzi kwa mpangaji, kwa kudai kivuli nje ya kioo kama ule wa Dispensari ya Zanzibar na KICC, badala ya kutegemea kioo chenyewe kiwe mwavuli.

Kuna atakayesema kivuli ni ghali. Labda. Kioo nacho kinaweza kushuka bei, maana tangu 2023 kuna kiwanda kikubwa cha vioo vya ujenzi Mkuranga, hapo Tanzania, na njia ya kukileta hapa ni fupi kuliko ile ya China. Kioo kikiwa rahisi zaidi tutaona kingi zaidi, kwenye mitaa ambayo haina kiyoyozi wala wakili. Ndiyo maana nataka tugombane sasa.

Jambo la mwisho, la vitendo. Kaunti ikishatoa uamuzi juu ya ombi la ujenzi, sheria ya 2019 inampa anayehusika na ambaye hakuridhika siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti. Si mwaka, ni siku 14. Ukiona ubao wa notisi kwenye uzio wa mabati mtaani kwenu, piga picha siku hiyohiyo, halafu kaombe kuona mchoro wa upande unaokutazama. Andika saa ambayo jua hupiga upande huo. Rangi usiitaje hata kidogo.

Uzi ujao ni maegesho ya magari, na kwa nini kila mnara una mengi kuliko watoto wake walivyo na mahali pa kuchezea.